Nyumba Moja, Bahasha Mbili

Naanza na posta, maana ndiko wote tulikoanzia kushangaa. Kila mwaka katikati ya Aprili, theluji chafu ikiwa bado imeng'ang'ania chini ya madirisha, Reino Kangas na mkewe Aune walikuwa wakija posta na gari moja, wanashuka pamoja, wanapanga foleni mmoja nyuma ya mwenzake, na kila mmoja mkononi ana bahasha yake ya kodi. Bahasha mbili! Watu wanaolala kitanda kimoja! Reino anamshikia mlango, Aune anampangusa theluji begani, halafu wakifika dirishani kila mtu anatoa yake na kulipia stempu yake.

Huku kwetu upande wa juu wa Michigan, kwa sisi Wafini wa kando ya ziwa, mume na mke wanajaza ritani moja, ile fomu ya kodi ya mwaka. Jina lako, jina langu, sahihi mbili, mmemaliza, mnakwenda kunywa kahawa. Sheria haimkatazi mtu na mkewe kujaza kila mmoja yake, lakini kwa kawaida inawatoza zaidi kwa ukaidi huo. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni wale ambao wakili wa talaka ameshapigiwa simu. Sasa hawa Kangas, kama ni talaka, basi yao ilikuwa inakwenda mwaka wa arobaini na bado wanashonana soksi.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, basi sisi tulilisema. Wengine walidai Reino ana mke mwingine mjini Duluth. Wengine walidai Aune amerithi mashamba ya baba yake na hataki mume ajue. Mimi sikudai kitu, nilitaka kujua tu. Naitwa Martta, jirani yao, ua kwa ua, na umbea ninao, sikatai. Niliolewa na mtu asiyeuliza, Mungu amrehemu, nikazaa watoto wasiouliza, basi maswali yote ya ukoo yakaniangukia mimi.

Nimweleze Aune kwanza, kwa sababu hadithi ni yake.

Alizaliwa kwenye shamba la viazi huko nyuma ya vilima, mtoto wa tano, mwenye mikono mikubwa kuliko ya kaka zake. Alipika katika jiko la shule mpaka akastaafu. Watu wazima wenye mvi leo wakimwona dukani husimama wima kama wamekutwa wanakimbia koridoni. Mkate wake wa iliki hajatokea wa kuuiga. Mimi nimejaribu, ukanitokea kigogo. Kanisani huimba sauti ya chini, ile ya kushikilia wengine, na kasisi akikosea mstari yeye hageuki kumtazama lakini sote tunajua amesikia. Mchana wa Agosti ukimkuta porini anachuma matunda, usimsogelee. Atakusalimu vizuri sana, halafu atahamia mbele yako ayachume yeye.

Kabla ya Reino aliwahi kuolewa. Mtu huyo aliitwa Clayton Trezise, mwenye baa pale njia panda, mcheshi, mtanashati, mdomo asali. Kila masika alimletea Aune ritani ya pamoja, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, naye akatia. Mke anamwamini mumewe, kuna ubaya gani? Ubaya ulikuja siku watu wa kodi walipobisha hodi. Kumbe nusu ya mauzo ya baa hayakuwahi kuandikwa popote. Na sheria ya ritani ya pamoja ni hiyo: mkishatia sahihi wawili, deni ni la wawili, na kila mmoja anaweza kudaiwa lote. Clayton akachukua gari usiku akaelekea Nevada na hajaonekana mpaka leo. Aune akabaki na talaka ya mahakama, na deni linalokatwa kwenye mshahara wa kupika supu ya shule. Aliyekula nyama hakuwa yeye, lakini mifupa alibebeshwa yeye. Mpaka leo nikimkumbuka yule mwanamume nasikia kiungulia.

Hapo ndipo akatokea Reino, dereva wa gari la kusukuma theluji la kaunti. Mtu mwema, lakini kimya! Reino akisema "hm" mara mbili kwa siku, siku hiyo amehutubia. Msimu mzima alipita mbele ya nyumba ya Aune alfajiri na kusafisha njia yake mpaka kwenye ngazi, jambo ambalo kaunti haikumtuma. Masika akamwoa, deni likiwa bado linakatwa. Tukafurahi sote. Na Aprili iliyofuata tukaanza kuziona zile bahasha.

Sasa, mwaka huu. Februari, Jumamosi moja, mimi na Aune tulikuwa sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto nyuma ya nyumba yake, wanawake wawili wazee kwenye benchi la juu, mvuke umetushika shingo. Mkononi alikuwa na fungu la majani ya mti wa mbetula la kujichapia mwili, kama ilivyo desturi yetu, lakini hakujichapa. Akalishika tu kama mtu aliyesahau kazi yake.

"Reino anapasuliwa moyo Mei," akasema.

"Najua, shoga. Mji mzima unajua."

"Kuna kitu nataka kukijua kabla hawajampasua."

Nikanyamaza. Mimi! Nikanyamaza mpaka masikio yakaniuma.

"Ile ya kodi," akasema. "Mwaka wa kwanza tulipooana, alirudi kutoka posta na fomu mbili. Moja akaiweka upande wangu wa meza, moja upande wake. Akachonga penseli mbili. Akaniambia, 'Hiyo yako.'"

"Akasema nini tena?"

"Akasema kahawa imepoa."

"Na wewe?"

"Nikaipasha." Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukapanda tusionane. "Nilielewa, Martta. Alinioa, sawa, lakini jina lake hakutaka likae karibu na langu. Mtu aliyewahi kufikiwa na watu wa kodi. Simlaumu. Lakini mwaka hadi mwaka, kila masika, fomu mbili mezani. Kila masika naambiwa upya kwamba haniamini."

"Hukumwuliza?"

"Nimwulize nini? Niliona kwa macho."

"Kuuliza si ujinga, Aune!"

"Na akisema ndiyo?" Aligeuka, na nikaona uso wake umeiva, sijui ni moto au ni machozi, mle ndani huwezi kutofautisha. "Akisema ndiyo, nitaishi na hiyo ndiyo yake mpaka lini? Na nisipouliza, akabaki kwenye kisu cha daktari, nitaishi na nini?"

"Mficha uchi hazai," nikamwambia, "na hapa uchi tumeshauweka hadharani. Toka humu, nenda ndani, kamwulize."

"Leo ni Jumamosi. Anaangalia mpira wa magongo."

Mnaona watu wangu? Mtu amebeba jiwe kifuani ndoa yake yote, halafu hawezi kulitua kwa sababu Jumamosi kuna mpira wa magongo. Nilitamani kumchapa kwa yale majani ya mbetula. Nilirudi kwangu nimekasirika, nikala viazi vya jana nikiwa nimesimama.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mimi baada ya kufiwa na mume nilisomea kozi ya kodi na kufaulu mtihani, na kila msimu wa baridi hujitolea pale maktaba ya mji kuwajazia wazee ritani zao bure. Mzee aliyekuwa akimfanyia Aune kazi hiyo amehamia kwa bintiye kusini. Na Reino, ambaye alijijazia mwenyewe kwa penseli, macho yameingia ukungu. Aune akanipigia simu kuomba miadi. Nikampa Jumanne asubuhi. Muda si muda akapiga Reino, kwa sauti ya chini, nadhani Aune alikuwa ametoka kulisha kuku.

"Martta. Ritani."

"Ya nani, shemeji?"

"Yangu."

Nikampa Jumanne asubuhi, saa ile ile. Kazi yetu ina kiapo cha kufunga mdomo, na ninakiheshimu; haya nawasimulia kwa ruhusa ya Aune, ambaye amesema ni afadhali niyaseme mbele yake kuliko ninavyoyasema nyuma yake. Lakini hakuna kiapo kinachonizuia kukosea kupanga miadi.

Wakaja na gari moja, kila mtu na bahasha yake ya makaratasi kwapani. Walipoona ni meza moja na saa moja, Aune alinitazama kwa jicho lile la jiko la shule. Nikavuta kiti cha pili. Nyuma yao foleni ya wazee ilikuwa imeshajaa, makoti yanatiririsha maji sakafuni, wote wamejifanya wanasoma magazeti.

"Kaeni. Nina maswali, na nimeamrishwa niyaulize yote," nikasema. "La kwanza. Mmeoana?"

"Hm," Reino akasema.

"Hiyo naandika ndiyo. La pili. Mwaka jana mliishi pamoja?"

Wakatazamana. Wallahi, walitazamana kama wanalisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Mara nyingine huwa gereji," Reino akasema.

"Gereji iko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi mliishi pamoja. La tatu. Mnajaza ritani ya pamoja, au kila mtu yake?"

"Kila mtu yake," Aune akasema haraka, na Reino akaitikia kwa kichwa, na wote wawili wakatazama meza.

Nikabonyeza mashine ya kompyuta, nikawageuzia kioo chake waone. Nikawaeleza taratibu, kama ninavyomweleza kila mtu. Pensheni ya uzeeni, wanandoa wanaoishi nyumba moja wakijaza kila mtu yake, sehemu kubwa yake inatozwa kodi tangu dola ya kwanza. Wakijaza pamoja, kwa kipato kama chao, karibu yote haiguswi. Tofauti yake ni kuni za msimu mzima, na chenji ya kubadilisha matairi ikabaki.

Reino akasogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kukigusa. "Kila mwaka?"

"Kila mwaka tangu mstaafu, shemeji. Na kabla ya hapo mlikuwa mkipoteza kwa njia nyingine."

"Hm," Reino akasema.

"Hm," Aune akasema.

Jamani! Damu ilinichemka. Nikaweka kalamu chini. "Shemeji Reino, nimevumilia, sasa basi. Hebu niambie, ni kwa nini wewe na..."

"Nyamaza, Martta," Aune akasema.

Alikuwa ameivua miwani yake na kuishika kwa ile mikono mikubwa, anaifuta kwa ncha ya koti. Nilimjua mwanamke huyu tangu ana nywele nyeusi, na sikuwahi kumwona akiivua mbele za watu.

"Nitauliza mwenyewe," akasema. "Reino. Ni deni langu ulilokuwa unaliogopa? La Clayton? Ulidhani na mimi ni mtu wa namna ile?"

Magazeti kwenye foleni yakaacha kugeuzwa. Reino alimtazama mkewe, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeulizwa kwa lugha ya Kichina.

"Deni gani?"

"Deni, Reino! Ndiyo maana ulileta fomu mbili!"

"Deni nililijua," Reino akasema. "Si nilikuoa nalo."

"Basi kwa nini?"

Akafikiri.

"Ulisema," akasema.

"Nilisema nini?"

"Jikoni kwa dada yako. Kabla hatujaoana. Ulikuwa unamenya viazi, mimi nimekuja kuchukua ndoo. Ulimwambia dada yako: sitaweka tena jina langu chini ya jina la mwanamume, maisha." Akajifuta paji la uso, kwa sababu tangu aoe labda hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. "Nikasema, sawa. Huyu asije akawekwa chini ya jina langu. Nikaenda posta, nikaomba fomu mbili."

"Nilikuwa namsema Clayton," Aune akasema.

"Hukumtaja."

"Nilikuwa nina hasira, Reino!"

"Niliona," Reino akasema. "Sikujua zimeisha lini. Hukuniambia."

Ndipo Aune alipolia. Si kwa kwikwi, huku hatulii hivyo. Machozi yalishuka tu na yeye akayaacha yashuke, halafu katikati ya machozi kikamtoka kicheko, na akamchapa mumewe begani kwa glovu yake iliyolowa, pa! "Mjinga wewe! Miaka yote! Nimelala na jambo hili kila masika! Nilidhani unaniogopa!"

"Nilidhani unapenda," Reino akasema. "Uliipokea fomu. Ukapasha kahawa."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, Waswahili walisema, na sijui walimjulia wapi Reino Kangas. Nilikuwa na hasira nao wote wawili na machozi yananitoka. Nilifikiria zile Aprili zote, mwanamke upande huu wa meza anajiona hafai, mwanamume upande ule anaamini anamlinda, na katikati yao birika la kahawa tu.

Aune akapenga kamasi, akavaa miwani. Akarudi kuwa mpishi wa shule. "Martta. Iliyopita inarekebishwa?"

"Waliojaza kila mtu yake wanaruhusiwa kubadili iwe ya pamoja. Lakini ni ya miaka mitatu tu ya nyuma."

"Na ile mingine?"

"Ile imekwenda, shoga."

Akatikisa kichwa polepole. Akamtazama Reino, mashavu yaliyolegea, mkono unaopapasa kifua bila mwenyewe kujua, kama anavyofanya tangu vuli. Hakuna aliyetaja Mei.

"Basi tuchukue iliyobaki," Aune akasema. "Andika ya pamoja."

Nikaanza kuandika. Mashine ikafungua ukurasa wa majina, nafasi ya kwanza na nafasi ya pili chini yake, na kwa mazoea nikaanza na R. Reino, ambaye macho yake hayaoni vibao vya barabarani, akaliona hilo. Akanyoosha kidole kinene, akakigonga kioo.

"Sheria inasema lazima mume awe wa juu?"

"Haisemi. Ni mazoea ya watu tu."

"Mweke yeye."

"Reino, acha," Aune akasema. "Yale yalikwisha. Nimekwambia nilikuwa na hasira."

"Umeniambia leo," Reino akasema. "Mweke yeye juu, Martta."

Nikafuta, nikaandika Aune. Mashine ikachapa, nikawapa karatasi na kalamu. Aune akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyefundishwa kuandika ubaoni. Halafu Reino akainama, akatafuta kwa kidole mahali jina la mkewe lilipokaa, akateremka mstari mmoja na kutia la kwake. Alikawia sana pale chini. Aune akamwambia asogee, kiwiko chake kinambania mkono, na Reino hakusogea.